Noti, lipa namba au mashine ya kadi: mwenye duka apokee kipi?

SWALI: Nina duka la vyakula na vitu vya nyumbani hapa Kihonda, Morogoro. Zamani wateja wote walilipa taslimu. Siku hizi kama theluthi yao wanataka kulipa kwa simu, na wananitumia kwenye namba yangu mwenyewe. Kijana wa kampuni ya simu amekuja anataka nichukue lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu. Benki nao wananishawishi nichukue mashine ya kadi. Mume wangu anasema hela ni ile unayoishika mkononi, hizo nyingine ni kuwatajirisha wenye mitandao. Halafu wiki iliyopita mteja alinionyesha meseji kwamba amelipa 32,000, akaondoka na mafuta na sukari. Jioni naangalia salio, hakuna kitu. Naomba unisaidie: nipokee malipo ya aina gani, na nikatae yapi?

JIBU: Pole sana, dada yangu, kwa hiyo 32,000. Faida ya duka la mtaani ni nyembamba. Kama kwenye kila shilingi mia unabaki na kumi, itabidi uuze mzigo wa zaidi ya laki tatu ndipo uifidie. Nitarudi kwenye meseji ile hapo chini, kwa sababu namna ulivyopigwa ina uhusiano na namba unayopokelea.

Watu wakilinganisha njia za malipo huwa wanaanza na makato: hii wanakata ngapi, ile ngapi. Mimi makato nayaweka ya tatu. Kwanza nauliza, hela hii inakuwa yangu lini, kiasi kwamba aliyenipa hawezi tena kuichomoa? Pili, ikishakuwa yangu inakwenda wapi? Yule ninayemnunulia mzigo atairidhia ilivyo, au itabidi niibadilishe kwanza? Ukishajibu hayo mawili kwa duka lako, makato unayasoma kwa macho mengine kabisa.

Tuanze na ya shemeji, taslimu. Hoja anayo, tena nzito. Noti ikishatua kwenye droo mmemalizana. Mtandao ukiwa chini inapokelewa, umeme ukikatika inapokelewa, na hakuna atakayepiga simu kesho yake kudai alikosea namba. Tena wapo unaowanunulia ambao hawataki habari nyingine. Mtu aliyeshusha magunia ya mchele kutoka Ifakara anataka noti mkononi aanze kulipa vibarua na gari, na ukimtajia simu jibu lake unalijua: "Sawa, ila weka na ya kutolea."

Gharama za taslimu zipo, tatizo ni kwamba hazikuandikii meseji. Asubuhi hujauza hata kiberiti, mteja wa kwanza anakuja na mwekundu wa Msimbazi kununua mkate. Unamwacha mtoto dukani unakimbia kwa jirani kutafuta chenji, na wakati huo wateja wengine wawili wameangalia wakapita. Au unampa pipi badala ya mia mbili, naye anaondoka amenuna. Au unamwambia "unanidai, pitia baadaye", usiku unajikuta una madeni ya mia mia kwa watu wanane na umeshasahau nusu yao. Hapo bado droo haijapungua elfu tatu bila maelezo, bado hujatumia elfu mbili ya bodaboda uliyochukua "mara moja tu".

Noti bandia nazo hazikuchagui kwa ukubwa wa duka. Noti ya 10,000 ukiipokea, hasa usiku na mteja akiwa na haraka isiyoeleweka, iinue kwenye mwanga utafute kichwa cha Mwalimu kwenye alama ya maji, kisha pitisha kidole kwenye maandishi uone kama yana mkwaruzo. Fanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa mzee wa msikitini, ili asiwepo wa kujiona amedharauliwa.

Na kuna wale wanaotunza mtaji kwenye kibubu au chini ya godoro. Benki Kuu ilitoa miezi mitatu, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, watu wabadilishe noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 pamoja na ile noti ya 500 ya mwaka 2010. Tarehe ilipopita, noti hizo si malipo halali tena. Ni mara chache jambo kama hilo kutokea, lakini linaonyesha kwamba hata hela ya mkononi ina mwenyewe anayeamua mwisho wake.

Kubwa zaidi kwa duka kama lako ni safari ya mzigo. Kama unashuka Kariakoo na milioni mbili zimefungwa kwenye kanga, hiyo ni hatari unayoilipia kwa usingizi. Wauzaji wengi wa jumla Kariakoo, na hata hapo mjini Morogoro, wanapokea kwa lipa namba au benki. Panda treni au basi na simu yako, hela utazikuta huko huko.

Sasa shika jambo moja ambalo ndilo moyo wa jibu langu. Kwenye mitandao ya simu, kuweka hela kwa wakala ni bure. Kutoa ndiko kunakatwa. Noti ikiingia simuni haipungui, ikitoka inapungua. Mlango ni mwepesi kuingia na mzito kutoka, na hesabu zote za duka zinafuata hapo.

Tufanye mfano. Siku moja umepokea 100,000 kwa simu. Faida yako ndani yake, kwa ile kumi kwa mia, ni 10,000. Jioni unakwenda kwa wakala kuitoa yote kwa sababu kesho unataka kununua sukari. Tuseme makato ya kutoa, pamoja na kodi na tozo zake, yamefika 3,000 (hiyo ni ya mfano, jedwali la mtandao wako ndilo litakalokupa namba kamili). Umetoa karibu theluthi ya faida ya siku ili kubadilisha hela yako mwenyewe sura. Laki ile ile ukimlipa muuza sukari moja kwa moja kwa simu, au ukiihamishia benki na kulipia huko, makato kwa kawaida ni madogo kuliko ya kutoa, na wakati mwingine hakuna. Kwa hiyo shemeji akisema mitandao inakula, anasema kweli kuhusu watu wanaopokea kwa simu na kununua kwa noti. Anayepokea kwa simu na kununua kwa simu haliwi sana.

Ndiyo maana kabla ya kukujibu upokee nini, ningekuomba uchukue karatasi uandike unakonunua: sukari na mafuta kwa nani, sabuni kwa nani, unga kwa nani, mchele, dagaa, mkaa, na mbele ya kila mmoja uandike anapokea nini. Nikikisia kwa duka la Kihonda, sukari, mafuta, sabuni na vinywaji wanapokea simu au benki. Mchele, maharage, dagaa na mkaa ni noti. Ukiona nusu ya manunuzi yako yanakubali simu, basi theluthi ya wateja kulipa kwa simu haikusumbui hata kidogo. Zitatoka kule kule zilikoingia, na noti za wateja wengine zitalipa mchele.

Tuje kwenye namba yako binafsi, maana hapa ndipo sikubaliani na unavyofanya.

Naelewa kwa nini ulianza hivyo. Haikuhitaji karatasi yoyote, mteja anatuma kama anavyomtumia shangazi yake, nawe kupokea hukatwi. Ila ona yanayofuata. Hela ya duka imechanganyika na ya ada ya mtoto na mchango wa harusi, mwisho wa mwezi hujui duka limeingiza nini. Kama una deni la Songesha au huduma nyingine ya kukopa simuni, malipo ya mteja yakiingia tu mtandao unajikatia deni lake kwanza. Umeuza mzigo wa duka, umelipa deni la nyumbani, na hukuulizwa. Ukienda msibani siku mbili, simu inabaki dukani na msaidizi akiwa na namba yako ya siri, au unaondoka nayo na wateja wa simu wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Na kuna kurudishwa kwa muamala. Mtu akituma kwa namba ya kawaida anaweza kupiga huduma kwa wateja akadai amekosea, na mtandao ukaizuia hela iliyomo kwenye akaunti yako wakati wanachunguza. Utaratibu huu uliwekwa kwa nia njema, umewaokoa wengi waliokosea tarakimu moja. Matapeli nao wanaujua. Kwa mtandao, wewe ni mtu aliyepokea hela kutoka kwa mtu. Hakuna kinachoonyesha kwamba hapo katikati palikuwa na lita tano za mafuta.

Sasa ile meseji yako. Mteja alikuonyesha simu *yake*. Simu ya mteja si ushahidi wa malipo, dada, hata iwe na meseji tatu. Meseji inaandikwa, picha ya skrini inatengenezwa. Kinachohesabika ni simu yako wewe, na hapo napo kuna kitu kimoja cha kuangalia kabla ya vyote: salio jipya. Kama kabla hajaja ulikuwa na 84,500, naye amelipa 32,000, meseji ya kweli itakwambia salio ni 116,500. Tapeli hajui ulikuwa na ngapi, kwa hiyo ataacha salio au atabuni namba. Kisha tazama imetoka wapi. Ya kweli inaingia kwenye mfululizo ule ule wa meseji za mtandao wako ulizozizoea, chini ya ile ya jana. Ikija peke yake kutoka namba ya kawaida ya 07 au 06, ni uongo hata kama maneno yamepangwa sawasawa. Wapo wanaoiga mpaka jina la mtumaji, ndiyo sababu salio nimelitanguliza. Ukiwa na shaka, piga menyu uangalie salio lenyewe mteja akiwa amesimama hapo. Mteja wa kweli hakasiriki, na akikasirika bora akasirike akiwa hajabeba mafuta.

"Mtandao unasumbua, itaingia tu" nayo uiwekee utaratibu. Mzigo unafungwa, unaandikwa jina, unawekwa pembeni. Ikiingia anakuja kuuchukua. Kwa jirani unayemjua miaka kumi utaamua mwenyewe, lakini huo sasa ni mkopo na uuandike kama mkopo.

Utapeli mwingine wa familia hiyo hiyo ni wa kuzidisha. Unapigiwa simu: "Mama, nimekosea, badala ya 23,000 nimetuma 230,000, nirudishie hiyo iliyozidi." Meseji ipo kweli simuni kwako, ila hela haipo. Usirudishe kitu kwa mkono wako. Mwambie awapigie huduma kwa wateja wa mtandao wake, wao ndio wairudishe kutoka kule kule ilikoingia. Kama alikosea kweli haitampa shida. Meseji za namna hii, pamoja na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" ambazo Watanzania tumeshazigeuza utani, zitume kwenda 15040, ambayo ni namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli, bila gharama. Na ukipata nafasi piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kuna watu wamekuta wageni humo.

Sasa lipa namba anayoileta yule kijana. Mimi ningeichukua. Mteja akiingiza namba, kabla hajaweka ya siri anaona jina la duka lako, kwa hiyo visingizio vya kukosea vinapungua. Hela inaingia kwenye akaunti ya biashara, mbali na ada na michango. Na kwenye kumbukumbu za mtandao inasomeka kama malipo ya bidhaa, jambo linalokupa mahali pa kusimama mtu akidai irudishwe. Wakenya walilijua hili mapema. Safaricom ilileta Lipa na M-Pesa mwaka 2013, na leo hata muuza mboga wa Nairobi ana namba ya till imebandikwa kwenye meza.

Usisaini lakini mpaka kijana akujibu vizuri. Mwulize: mteja akilipa, nani anakatwa, yeye au mimi? Akilipa 2,000 ya mkate na maziwa je? Makato ya simu hupangwa kwa ngazi za kiasi, kwa hiyo kwenye malipo madogo yanauma kuliko kwenye makubwa, na hapo ndipo utaamua kama utaandika bango "simu kuanzia 5,000". Mwulize kuhamishia benki ni shilingi ngapi, na kumlipa mtu mwingine mwenye lipa namba ni ngapi. Hizo mbili ndizo utakazotumia kila wiki. Mwulize meseji za malipo zinaweza kuingia pia kwenye simu ya msaidizi bila yeye kupewa uwezo wa kutoa hela. Na mwulize mteja wa mtandao mwingine analipaje. Akikupa karatasi yenye jedwali la makato, vizuri. Akikwambia "usijali mama, ni kidogo tu", mrudishe kwao akalete jedwali.

Kuhusu mitandao mingine mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani, wakati ilibidi uwe na laini ya kila kampuni. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane moja kwa moja, na Vodacom ikaingia 2016. Baadaye Benki Kuu ikajenga TIPS, mfumo unaounganisha mitandao ya simu na benki kwa malipo ya papo kwa papo, ikaweka na TANQR, yaani ule msimbo wa miraba mmoja unaokusudiwa kusomwa na mteja wa kampuni yoyote. Kwa hiyo huhitaji kupamba ukuta kwa mabango matano. Chukua moja, la mtandao ambao wateja wako wengi wanautumia na ambao wakala wake yuko karibu. Ila bango hilo liangalie kila asubuhi unapofungua. Kubandika karatasi juu ya karatasi ni kazi ya nusu dakika, na siku nzima wateja wako watamlipa mtu usiyemjua.

Lipa namba ina kasoro zake. Mtandao ukianguka umekaa. Makato yanaweza kubadilika bajeti yoyote. Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza watu wengi walirudi kwenye noti, mpaka serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka ule ule, na kuipunguza tena baadaye. Hii ndiyo sababu sikushauri kabisa uache taslimu, hata kama kesho kila mteja atakuwa na simu. Duka lenye njia mbili linavuka vipindi kama vile bila kufunga.

Mashine ya kadi nitaimaliza haraka. Kwa Kihonda, kwa sasa, hapana. Benki hukata asilimia kwenye kila malipo, hela huingia kwenye akaunti yako baadaye, mara nyingi siku ya kazi inayofuata, na kati ya njia zote hii ndiyo inayomlinda mlipaji kuliko mpokeaji. Mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo kwenye benki yake wiki kadhaa baadaye, na wewe ndiye utakayetafuta risiti. Kwa hoteli ya Zanzibar au duka la vinyago Arusha mashine ni lazima, mtalii hana laini ya hapa wala hataki kutembea na noti. Wateja wako wangapi wamekuuliza habari ya kadi mwaka huu? Kama ni mwalimu mmoja na daktari mmoja, wote wawili wana simu.

Hilo lisikufanye uwafukuze watu wa benki. Akaunti ya biashara unaihitaji sana, ila kwa kazi nyingine: kukusanyia ziada na kulipia mzigo mkubwa. Kwa malipo ya laki kadhaa kwenda kwa muuzaji wa jumla, kuhamisha benki kwa benki kupitia simu au wakala wa benki kunakupa jina la aliyepokea na risiti isiyofutika. Hundi naziruka, sizioni zikifanya kazi dukani kwako.

Kuna njia moja hukuitaja, na nina hakika ipo: daftari. Mwalimu anachukua unga tarehe 12 anakwambia mshahara ukitoka. Hiyo nayo ni njia ya malipo, tena ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu mzigo umeondoka na hela haijulikani itarudi lini, na huku wewe mwenyewe unadaiwa mali kauli na mtu wa mjini. Sikwambii uache. Duka la mtaani lisilokopesha kabisa wateja wanahamia la jirani, na mteja wa daftari ndiye asiyekuuliza kwa nini sukari imepanda mia. Weka kiwango kwa kila mtu, tuseme 20,000, kikifika hapo anamaliza ndipo anaanza upya. Andika tarehe na kitu, na akilipa alipe kwa lipa namba. Meseji ile inakuwa risiti yenu wote wawili, na ule ubishi wa "nilimpa mtoto akuletee" unaisha.

Jambo la TRA najua liko kichwani mwako ingawa hukuliandika. Wafanyabiashara wengi wanaikimbia lipa namba wakiamini kwamba kupokea kwa simu ndiko kunakoleta kodi. Kodi inatokana na mauzo, na wajibu wa kutoa risiti unao hata ukilipwa kwa sarafu. Ninachokiona kwa ninaowasaidia ni kwamba asiye na kumbukumbu anakadiriwa, na makadirio mara nyingi yanamwona mkubwa kuliko alivyo. Mwenye rekodi ya miezi sita ana cha kuweka mezani. Rekodi hiyo hiyo ndiyo afisa mikopo wa benki atakayoitaka siku ukitaka kuongeza friji. Ukimwambia kwamba unauza sana ila yote ni taslimu, atakuangalia tu.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningepanga hivi. Taslimu inaendelea, na kila jioni unabakiza ya chenji pamoja na ya kununulia vile vya noti kesho. Inayozidi unaiweka kwa wakala, maana kuweka ni bure, kisha inakwenda benki. Lipa namba moja, yenye jina la duka, na namba yako binafsi unaitangaza imefungwa kwa biashara. Watakuja wa kukubembeleza "mama nitumie tu hapa kwako, nimezoea". Shikilia. Makusanyo ya simu usiyatoe, yalipie sukari, mafuta, sabuni, na LUKU ya duka. Mashine ya kadi waambie benki warudi mwakani.

Likienda vizuri, baada ya muda ufikirie kuwa wakala mwenyewe. Duka lako lina noti kila siku na sasa litakuwa na salio simuni. Wanaotaka kutoa watachukua noti zako na kukuachia salio unalolipia mzigo, nawe unapata kamisheni, badala ya wewe kumpelekea makato wakala wa ng'ambo ya barabara. Inahitaji mtaji wa kuanzia na laini maalumu ya uwakala, na inavutia macho ya wezi, kwa hiyo si ya kuanza nayo mwezi huu.

Mwisho, usajili. Kijana akija na fomu, hakikisha akaunti inaandikwa jina lako na biashara yako, kwa kitambulisho chako, sio cha msaidizi au mdogo wako kwa sababu tu siku hiyo kitambulisho ulikiacha nyumbani. Aliyesajiliwa ndiye mwenye hela mbele ya mtandao. Na shemeji ajue akaunti ipo na imeandikwa kwa nani, maana ukipatwa na la kupatwa hela iliyomo haitolewi kwa mtu kujua namba ya siri. Itadaiwa kwa barua ya mirathi kutoka mahakamani, na hawezi kudai asichojua kipo.